Kishika uchumba kina sheria, kishika chumba je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Rau hapa Moshi. Kiinua mgongo changu nilikijengea vyumba vitano vya uani, kila kimoja na choo chake ndani, na vyumba hivyo ndivyo vinavyonilisha mimi na mjukuu mmoja. Kwa hiyo nikiwasema wenye nyumba, najisema na mimi. Nimesoma barua nyingi za wapangaji waliotoa fedha za kushikia chumba, wakaghairi, wasirudishiwe hata senti. Barua ya yule aliyezikalia fedha hizo sijawahi kuiona. Hii hapa.

Oktoba iliyopita, tarehe 12, dalali mmoja aliniletea mama kutoka Singida. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuanza mwaka wa kwanza chuoni. Kwa msiokaa Moshi niwaeleze: Oktoba na Novemba huku Rau, Longuo na pande zote zinazozunguka vyuo na hospitali ya KCMC ni msimu, kama mkulima alivyo na msimu wake. Wanafunzi wanashuka stendi na mabegi na magodoro, bodaboda wanapata riziki, madalali hawalali. Wiki tatu, basi. Zikipita na chumba chako bado kitupu, unaweza kukiangalia hivyo hivyo hadi baada ya Krismasi.

Mama huyu alikikagua chumba kama mtu aliyepanga miaka mingi na kuibiwa mingi. Alifungua bomba akaliacha limwage, akasubiri aone kama maji yatapungua nguvu. Akauliza mita ya LUKU ni ya chumba hiki peke yake au ni ya kuchangia na majirani, kisha hakuniamini, akatoka nje kuiangalia. Aliporudi akapapasa wavu wa dirisha na kidole kikatokea upande wa pili. "Mwalimu, mbu watanimalizia mtoto." Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta, akasema hii bluu inamfanya mtu ajione amelazwa zahanati. Nilicheka. Nikakubali kubadilisha wavu na kupaka rangi upya.

Kodi yangu ni 80,000 kwa mwezi, nachukua ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000. Hakuwa nayo yote, alikuwa anasubiri fedha za alizeti. Akasema atoe ya miezi miwili ili nisikitoe chumba kwa mtu mwingine, na iliyobaki ataileta mwanzoni mwa Novemba akija na binti. Alinitumia 160,000 kwa simu tukiwa tumesimama pale pale mlangoni, mimi nikisubiri ujumbe uingie, yeye akisubiri niseme umeingia. Dalali alipewa yake pembeni: 80,000, kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi, juu ya 10,000 aliyokuwa ameshaichukua asubuhi kwa kumzungusha.

Nikachukua kitabu changu cha risiti nikaandika: "Malipo ya chumba." Maneno matatu. Mhariri, nimefundisha Kiswahili miaka 34. Nimewakata watoto wa watu alama kwa sentensi zenye maana mbili, nimewasimamisha mbele ya darasa wazirekebishe. Na mimi siku hiyo nikaandika hivyo, nikachana, nikampa.

Tarehe 3 Novemba simu ikaita. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za mjukuu. Nikajua kuna jambo, maana mtu wa mbali hakuulizi mvua bure. Binti amepata nafasi hosteli ya chuo. Ni nafuu, na kwa mtoto wa kike mzazi analala usingizi. "Kwa hiyo mwalimu, naomba unirudishie ile advansi yangu."

Nikamwambia ile haikuwa advansi. Ile ilikuwa kishika chumba, na kishika chumba hakirudi.

Akakaa kimya kidogo. "Mwalimu, hilo neno kishika chumba ulinitajia lini?"

Nilianza kujibu, nikajikuta sina jibu. Sikuwa nimelitaja. Lilikuwa kichwani mwangu tu. Nikampigia dalali awe shahidi wangu, na dalali bila kusita akaniambia: "Ile ilikuwa kodi, mwalimu. Kodi ya miezi miwili. Kodi ikilipwa imelipwa." Fedha ni ile ile, ilipita mbele ya macho ya watu watatu kwa wakati mmoja, na kila mtu alikuwa ameibatiza jina lake.

Na majina hayo si mamoja. Tuseme ilikuwa kodi, kama alivyodai dalali: basi yule mama alishakuwa mpangaji wangu, chumba ni chake miezi miwili alale au asilale, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumwingiza mtu mwingine humo. Tuseme ilikuwa advansi: basi ni sehemu ya malipo ya biashara ambayo haijakamilika, na biashara isipokamilika mtu huuliza fedha yake iko wapi. Ikiwa ni kishika chumba, ni bei ya mimi kuwafungia wengine mlango. Liko na jina la nne ambalo wenye nyumba wa mjini wanalipenda siku hizi, dhamana, wengine husema dipoziti. Hiyo ni ya vioo vitakavyovunjika na bili zitakazoachwa, mpangaji anarudishiwa akihama. Sasa mtu ambaye hajalala hata usiku mmoja kavunja nini?

Neno kishika chumba limekaa karibu sana na kishika uchumba, na nadhani ndiyo maana wengi tunalitamka kwa ujasiri kana kwamba nalo lina mila nyuma yake. Kishika uchumba kweli kina mila. Kina wazee wa pande mbili, kina mshenga, kila mtu anajua upande gani ukivunja ahadi nini kinarudi na nini kinabaki. Tena kina mpaka sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyeahidiwa ndoa ikavunjwa kudai fidia, na inamruhusu mtu kudai zawadi alizotoa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa kama haikufungwa. Kishika chumba hakina mzee wala baraka ya mtu. Mshenga wake ni dalali, na dalali ni mshenga anayelipwa kabla ya harusi, ndoa ikivunjika simu yake haipatikani.

Lakini naomba nami nisikilizwe, maana mwenye nyumba akitajwa kwenye barua hizi huwa ana mapembe. Tarehe 14 Oktoba, siku mbili tu baada ya ule muamala, walikuja mabinti wawili wa kukaa pamoja. Walikuwa na kodi ya miezi sita kamili na walitaka kuingia siku hiyo hiyo, godoro lao liko juu ya bajaji nje. Nikawaambia kimeshikwa. Bajaji ikageuka. Tarehe 20 akaja kijana mwingine, naye nikamrudisha. Fundi alikuwa ndani anapaka rangi ya maziwa juu ya ile bluu ya zahanati: rangi 45,000, wavu na ufundi 30,000. Na hizo 160,000 sikuziweka kwenye bahasha nikazitazama. Ziliingia kwenye rangi hiyo, LUKU, sare za mjukuu na gunia la mkaa. Mtu anaposema "nirudishie", anadhani fedha yake imekaa mahali inamsubiri.

Kaka wa yule mama anakaa Majengo. Alikuja na nakala ya risiti yangu, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitusikiliza vizuri, akaisoma risiti mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Kisha akasema tugawane nusu kwa nusu tuondoke kwa amani. Nilikataa, na ningekataa hata kama nusu hiyo ingenipendelea. Kwangu nusu kwa nusu ni njia ya kuwamaliza watu ofisini. Hesabu haimo humo. Kwa nini nusu? Kwa nini siyo robo? Mtoto akinijibu swali la hesabu kwa "nusu" bila kuonyesha njia namwandikia sifuri.

Kaka mtu akasema basi twende Baraza la Kata. Huko tukaelezwa kwamba tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, kazi yao ni kusuluhisha, hawatoi tena hukumu. Tukitaka hukumu, na kwa kuwa hili ni dai la fedha, kuna Mahakama ya Mwanzo. Nikamwona yule kaka anapiga hesabu kimya kimya, na mimi nikapiga ya kwangu. Dada yake atoke Singida, apite Babati, apite Arusha, afike Moshi, alale, kesi iahirishwe, arudi, aje tena. Kwa ajili ya 160,000. Asingekuja. Mimi nilikuwa nimeshashinda kwa kukaa tu kibarazani kwangu, kwa sababu fedha iko kwangu na yeye yuko mbali. Niseme kweli, nilifurahi kama siku mbili hivi. Baadaye ikaanza kunikera. Ningekuwa mwenye makosa kabisa bado ningeshinda hivyo hivyo.

Wiki hiyo mwanafunzi wangu wa zamani alipita kunisalimia akitoka msibani. Siku hizi ni wakili. Nilimfundisha kusoma, kwa hiyo sikumlipa, nilimwekea ndizi na nyama. Nikamweleza yote nikitegemea atasema "mwalimu uko sahihi". Hakusema.

Kwanza aliniuliza kama tuliandikiana. Nikamwambia risiti tu. Akasema hilo pekee haliui makubaliano, Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua hata upangaji wa mdomo kama hauzidi mwaka mmoja. Tatizo la mdomo ni pale midomo inapokuwa mitatu. Halafu akaingia kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo alisema ilianza mwaka 1961, kabla hata ya Uhuru, na mama yake ni sheria ya Wahindi ya mwaka 1872. Kumbe tunagombana Rau kwa kanuni zilizotungwa kabla babu yangu hajazaliwa. Kifungu cha 73 kinasema anayevunja mkataba amlipe mwenzake hasara iliyotokana na kuvunja huko, hasara ambayo kwa kawaida ingetarajiwa. Na wakati wa kuipima, wanaangalia pia njia ambazo mwenye hasara alikuwa nazo za kuipunguza.

"Nilimwambia hakirudi," nikasema.

"Hukumwambia, mwalimu. Ulilifikiria. Na hata ungeandika, kuna kifungu cha 74. Mkitaja kiasi ambacho mvunjaji atalipa, mahakama inakupa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kile kiasi ni dari ya nyumba. Haina maana kila anayeingia kichwa chake kinagusa dari." Nilimfundisha mwenyewe mifano ya namna hii, sikuwa na pa kujificha.

"Sawa. Basi hasara yangu ni siku zote zile, na rangi, na wavu."

"Rangi umeipaka kwenye ukuta wa nani?"

"Wangu."

"Mpangaji mpya ameingia?" Alikuwa ameshaingia, tarehe 9 Novemba, kijana muuguzi. "Rangi ameikuta?"

Ameikuta. Na wavu ameukuta, na hajaumwa na mbu. Nikamwongezea nyama nisubiri abadili mada. Akabadili kweli, akaniuliza kama mikataba ya wapangaji wangu wengine inalipiwa ushuru wa stempu, maana isipolipiwa hakimu anaweza kukataa kuipokea kama ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe. Nikamwambia turudi kwa yule mama wa Singida.

Tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mjukuu. 80,000 gawanya kwa siku 30 ni 2,667 kwa siku. Chumba kilishikwa tarehe 12 Oktoba, lakini siku mbili za kwanza hakuna mtu aliyekuja kukiulizia, kwa hiyo sikupoteza kitu. Tangu tarehe 14, bajaji ya wale mabinti ilipogeuka, hadi tarehe 9 Novemba alipoingia muuguzi, ni siku 26. Mara 2,667 ni 69,342. Ukitoa kwenye 160,000 inabaki 90,658. Hapo njia imeonekana. Anayetaka kubisha abishe mstari, asibishe jibu. Kaka mtu alibisha kweli: alisema siku sita za mwisho, baada ya dada yake kutoa taarifa, ni juu yangu. Nikamjibu kwamba taarifa yenyewe ilikuja msimu ukiwa ukingoni, na siku ile ile nilishabandika karatasi getini. Alikubali kwa shingo upande.

Fedha yenyewe sikuwa nayo, nilishakula. Nilikopa kwenye kikoba chetu cha akina mama, nikatuma 91,000 na ya kutolea. Yule mama akapiga akashukuru, halafu akaongeza taratibu kabisa: "Mimi nilijua imeshaliwa, mwalimu." Sijui kama alikusudia kunichoma. Iliniingia.

Tangu siku hiyo sipokei shilingi ya mtu mpaka tuandikiane nusu karatasi. Siyo mkataba wa upangaji, huo unakuja akiingia. Karatasi yangu inasema fedha hii, kwa tarakimu na kwa maneno, ni kishika chumba, si kodi, si dhamana, na siku mpangaji akiingia inageuka kuwa sehemu ya kodi yake. Inataja tarehe ya mwisho ya kuingia. Inasema akighairi, nitakata kodi ya mwezi gawanya kwa 30 kwa kila siku niliyomshikia, mpaka mtu mwingine aingie au mpaka mwezi mmoja utimie, kitakachotangulia, na kinachobaki atakipata ndani ya siku 14. Siku 14 kwa sababu kikoba chetu kinakaa kila baada ya wiki mbili, sitaki kuahidi nisichoweza. Kama ni mimi nimegeuka nikakitoa chumba kwa mwingine kabla ya tarehe yake, namrudishia yote na kodi ya mwezi mmoja juu. Akitaka nibadilishe kitu, rangi au kitasa, tunaandika nani analipia. Tunasaini nakala mbili na mjumbe anasaini kama shahidi. Inachukua dakika kumi, ya mwisho niliiandikia juu ya ndoo ya maji.

Hilo la mwenye nyumba kugeuka nimeliweka kwa sababu ya mtoto wa dada yangu huko Arusha. Ni fundi simu. Alitoa 300,000 kushikia fremu ya duka upande wa Kwa Mrombo, akaenda kutengenezesha kabati la vioo, mita mbili na nusu, kwa kipimo cha ukuta wa fremu ile. Aliporudi na kabati kwenye kirikuu akakuta mtu ameshaanza kuuza vipodozi. Mwenye fremu alipokea vishika viwili, labda vitatu, akampa aliyewahi na kodi ya mwaka. Alimrudishia kijana 300,000 zake baada ya miezi miwili ya kuzungushwa, vipande vipande, na akaona amemtendea wema. Na kabati? Liko sebuleni kwa dada yangu, tumepanga vikombe. Arusha kwa sasa, na huu uwanja wa AFCON 2027 unaojengwa Olmoti, kila mwenye kibanda anadhani kesho atapata mpangaji wa bei mbili, kwa hiyo mtu aliyempa fedha leo hamheshimu. Wapangaji wanaoghairi wanasemwa sana. Wenye nyumba wanaoghairi wanaitwa wafanyabiashara.

Wenzangu wa umri wangu wataniambia mambo haya yalikuwa na adabu zamani, tulipokuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Mimi siililii sana, hata wakati wake watu walipeana fedha chini ya meza. Ila ilipoondoka palibaki pengo kwa mambo madogo, na jambo la 160,000 ni dogo kwa kila mtu isipokuwa kwa anayelidai. Serikali za mitaa zingeweza kuchapa fomu moja ya kushikia nyumba, ukurasa mmoja, iuzwe pale ofisini kwa shilingi mia tano pamoja na mhuri. Mapato watapata na ugomvi utapungua nusu. (Hapo nusu naitumia kwa kukisia, najua.)

Nimebakiza la dalali. Sina ugomvi na kazi yao, bila wao hata yule mama asingenifikia. Lakini mtazame hesabu hii. Tarehe 12 Oktoba dalali alichukua 80,000 kwa chumba namba tatu. Tarehe 9 Novemba dalali huyo huyo alimleta muuguzi kwenye chumba namba tatu, akachukua 80,000 nyingine. Chumba kimoja, hata mwezi haujatimia, 160,000. Kiasi kile kile nilichopokea mimi mwenye ukuta, na mimi nikarudisha 91,000. Nilipomwambia arudishe japo kidogo kwa mama wa Singida, alinijibu: "Mwalimu, kazi yangu ni kuonyesha. Nilionyesha." Na yule wakili wangu, aliyenipiga vifungu kushoto na kulia, hapo alikuna kidevu. Alisema inategemea waliahidiana nini: kuonyeshwa chumba, au kupata chumba. Kama ni kuonyeshwa, kwani ile 10,000 ya asubuhi ilikuwa ya nini?

Yule mama ameniuliza tena juzi kuhusu 80,000 zake, na simu ya dalali kwake haipokelewi. Mimi hunipokelea, kwa sababu Oktoba inakuja na ana shida na vyumba vyangu. Nimemwambia hataleta mteja hapa bila kunionyesha karatasi yake na yeye, inayosema fedha anayochukua ni ya nini na mteja akighairi inakuwaje. Amecheka, amesema nitakosa wapangaji. Kama kuna msomaji, Moshi, Arusha au popote, aliyewahi kurudishiwa fedha na dalali baada ya kughairi chumba, namwomba aandike kwenye ukurasa huu aeleze alifanyaje, nimpelekee yule mama.

Mwalimu Mstaafu,
Rau, Moshi.
(Jina na anwani yangu anavyo Mhariri.)